Eneo la Wazi Nyuma ya Zahanati

Bweni la Pili, Chumba 14
9 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mezani kama kawaida yako, miwani imekushukia puani, unamtafutia mtu kosa. Mimi ni mzima, ukiacha kikohozi kilichohamia kifuani tangu wiki ya mitihani, na wenzangu wawili wa chumbani ambao hupika kwa zamu na kuunguza kwa zamu. Goti la mama linaendeleaje? Mwambie blauzi nimeipata. Ameikata kwa vipimo vyangu vya miaka mitano iliyopita; nikinyoosha mkono darasani kuomba nafasi ya kusema, vifungo navyo huomba nafasi yao.

Chama cha Midahalo kimenichagua kuwa katibu mwenezi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuokoa kipeperushi chenye makosa kumi na tisa katika ukurasa mmoja. Nilikipitia kwa kalamu nyekundu uliyonipa, na sasa wananiita Bibi Ngeli. Nimewaambia wasinionee ajabu: mimi nimelelewa na mjomba wangu, Bwana Nukta, karani wa vikao ambaye mji mzima humwogopa kwa ajili ya mkato mmoja, na likizo nzima iliyopita nilikuwa nikimsahihishia rasimu za baraza kwenye meza ya chakula. Aliyekwisha kusoma Kiswahili cha madiwani hatishwi na cha wanafunzi.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Yule muuguzi jirani yetu amekuja huku kwa mafunzo ya wiki tano, na ameniambia kwamba kiwanja cha nyuma ya zahanati kimezungushiwa mabati, kuanzia penye bomba la maji hadi kona ya shule. Bembea zimo ndani. Benchi la saruji, ambalo mama hulikalia kila mwezi akisubiri kupimwa presha, limo ndani. Wagonjwa, anasema, sasa husubiri wamesimama kwenye ngazi.

Mjomba, nakuuliza kama mwananchi, na nakuuliza kama mtoto wa nyumba yako. Madiwani kumi na mmoja wamepata wapi haki ya kumnyima mwanamke mwenye goti bovu mahali pa kukaa? Wanadhani kila kisicho na hati hakina mwenyewe. Kiwanja kile hakina hati kwa sababu ni cha mtoto aliyeanguka kwenye bembea, cha mzee aliyetema dawa chungu kando ya bomba, cha kila aliyewahi kuketi pale akiogopa majibu ya daktari. Hati yao ni kule kukalia. Ni nani aliyeifuta?

Wewe ulikuwamo ukumbini. Wewe ndiye mwandishi wao. Niambie walisema nini.

Wako mtiifu, kwa kadiri ninavyoweza kutii,
Mpwa wako


Nyumbani
2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe kumi na nane, na tangu siku hiyo imekaa katika mfuko wa koti langu la kazini. Sina udhuru wa kukupa. Kila nilipokaa kuijibu nilijikuta naisoma upya, kisha nairudisha mfukoni.

Mama yako hajambo; goti lake ndilo lenye jambo. Kuhusu blauzi, anasema haikuwa ndogo alipoituma, kwa hiyo kosa ni la chakula cha kuunguza. Paa la jikoni limepata tundu jipya na tumehamisha sufuria. Meno yangu ya juu nimeyapumzisha kwenye glasi mpaka fundi arudi safari, ndiyo maana siku hizi nasema kidogo kuliko kawaida.

Yaliyosemwa ukumbini hubaki ukumbini. Nilikula kiapo hicho kabla hujazaliwa. Lakini muhtasari uliothibitishwa ni wa umma na umebandikwa ukutani, kwa hiyo hilo naweza kukuandikia. Kikao kilikuwa mwisho wa Septemba, wiki ile uliyokuwa ukifunga mizigo kurudi chuoni. Azimio la saba linasomeka hivi: “Baraza limetambua kwamba kiwanja kilicho nyuma ya zahanati ni eneo lililo wazi, na kitashughulikiwa kwa mujibu wa kanuni za mipango miji.”

Nawe utauliza ubaya uko wapi. Uko katika kanuni zenyewe. Kwa kanuni hizo, “eneo la wazi” ni la watu wote: halijengwi, haligawiwi, haliombwi. “Eneo lililo wazi” ni kiwanja kisicho na mtumiaji, na mwombaji wa kwanza mwenye karatasi kamili hupewa. Mwombaji alikuwapo. Anataka kujenga safu ya maduka.

Kikao kilichopita, diwani wa kata yetu, yule fundi cherehani aliyeleta hoja yenyewe, alisimama. Haya aliyasema mbele ya wananchi, kwa hiyo si siri.

“Jamani, si tulisema pabaki pa watoto?”

“Mheshimiwa,” afisa ardhi akamjibu, “muhtasari uliuthibitisha?”

“Niliuthibitisha.”

“Uliusoma?”

“Kurasa ishirini na sita, mwanangu, mimi nashona saa ngapi?”

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, kisha akakaa. Mwenyekiti akasema tuendelee na choo cha soko. Nami nikaandika kwamba ajenda imefungwa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Huo ndio mwisho wa ninayoweza kukwambia. Funga kitu shingoni, hicho kikohozi si cha kuchezea.

Mjomba wako


Bweni la Pili, Chumba 14
11 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa meno. Kikohozi kimepungua. Mwambie mama kwamba siku hizi ninapika mwenyewe na kuunguza mwenyewe, hakuna wa kulaumiwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeinuka kitini. Neno moja. Hawakuhitaji tingatinga wala askari. Walihitaji silabi tatu tu mahali pa silabi moja, na mji mzima ukanyang’anywa bustani huku ukipiga makofi ya kuthibitisha. Nimewahi kufundishwa kwamba lugha ni chombo cha mawasiliano. Walimu wetu hawakutwambia kwamba ni kufuli pia, na kwamba wako watu wanaotembea na ufunguo wa bandia mfukoni.

Diwani alisema “la wazi”. Karatasi inasema “lililo wazi”. Kati ya mdomo wa diwani na karatasi hiyo kuna mtu. Mtu huyo si mjinga. Mjinga angekosea herufi, asingekosea kwa ufasaha kiasi hicho. Anaijua sarufi. Ameketi na sentensi hiyo, ameipima, akalitoa neno la watu akaliweka neno la mwenye maduka, kisha bila shaka akajipongeza.

Nimemwandikia waraka. Muuguzi amerudi huko na nakala thelathini. Zitabandikwa sokoni, kituo cha mabasi na kwenye mabati yenyewe. Kichwa chake ni “Barua ya Wazi kwa Aliyebadili Neno.” Nakunukulia mwisho wake:

“Hatujui jina lako, lakini tunaujua mkono wako. Ni mkono ulionunuliwa. Ulipokata neno moja kwenye karatasi, ulikata mnyororo wa bembea, ulivunja benchi la mgonjwa, ulikausha bomba. Jitokeze useme nani alikuagiza. Usipojitokeza, kila mwenye kalamu katika mji huu atakuwa mtuhumiwa mpaka siku utakayokuwa na aibu.”

Wenzangu waliposikia ukisomwa walisimama. Natamani ungekuwapo.

Sasa jibu swali moja. Wewe hupiga chapa unacholetewa, najua. Nani alikuletea neno hilo? Mkurugenzi? Afisa ardhi? Usiogope. Niko nyuma yako.

Mpwa wako


Nyumbani
15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu. Mwezi huu alisubiri zahanati saa mbili na nusu, kisha akakaa kwenye ngazi, na alipoitwa ikabidi anyanyuliwe na watu wawili. Presha ilipimwa papo hapo, ikaonekana imepanda, akaambiwa arudi baada ya wiki moja kusubiri tena. Tundu la paa nimeliziba.

Waraka wako umesomwa na kila mtu. Kinyozi aliwasomea kwa sauti wasio na miwani, na wengine walinyolewa mara mbili ili wausikie tena. Umeandikwa vizuri. Nasema hivyo kwa haki, kwa maana nimekwisha kusoma karatasi nyingi.

Ulisema kila mwenye kalamu atakuwa mtuhumiwa. Mji wetu ni mdogo, mpwa wangu. Wenye kalamu si wengi. Ilichukua siku mbili. Muuza magazeti aliniuliza, “Bwana Nukta, neno siku hizi mnapima kwa kilo au kwa debe?” Nikamwambia kwa debe. Nilidhani mzaha ungeisha hapo. Mkurugenzi naye aliniita akasema kwamba kwa ajili ya utulivu itafaa nitoke ukumbini kwa muda. Sasa niko dirisha la ghorofa ya chini, vibali vya mikokoteni na leseni za mbwa. Kiti hakina mgongo, lakini kuna mwanga.

Unauliza nani aliniletea neno. Mashine ni yangu na vidole ni vyangu. Hakuna mkubwa aliyeniagiza. Liandike hivyo, ukipenda kuandika tena.

Jambo moja la lugha, kisha nikuache usome. Waraka wako umeuita “Barua ya Wazi.” Umefanya vema. Ungeuita “Barua Iliyo Wazi,” watu wangedhani umesahau kuifunga bahasha.

Mjomba wako


Bweni la Pili
22 Machi

Kwa aliyekuwa Karani wa Vikao,

Salamu nitazileta siku nitakapojua ninamsalimu nani. Kwa mama nimemwandikia kando.

Nilipofika kwenye “vidole ni vyangu” niliikunja barua nikatoka nje, na sikuhudhuria kipindi cha mchana. Umenilea miaka kumi na tatu. Ulinifundisha kusoma kwa kunionyesha vibao vya barabarani vyenye makosa. Ulinirudisha shuleni kwa miguu siku niliyorudi na daftari la mtoto mwingine, ukanisimamia mpaka nikaomba radhi mbele ya darasa zima. Mtu huyo ndiye aliyewanyang’anya watoto kiwanja kwa silabi tatu, na anapoulizwa sababu anajibu kwa mzaha wa bahasha. Mzaha huo haukunichekesha.

Sikubali kwamba hakuna aliyekuagiza. Mtu hafanyi jambo kama hilo kwa ajili ya uzuri wa sentensi.

Sikiliza basi. Tumekata rufaa. Kamati ya Rufaa ya Mipango Miji itaketi tarehe 21 Mei, nami nimeteuliwa kusema kwa niaba ya wakazi. Tumeambiwa kwamba muhtasari uliokwisha kuthibitishwa haurekebishwi kwa maneno matupu: sharti ionekane rasimu ya mkono, ile iliyoandikwa ukumbini siku ya kikao. Rasimu ikisema “la wazi”, neno litarudi na mabati yataondoka. Isipopatikana, maduka yatajengwa.

Faili la baraza halina rasimu hiyo. Mkurugenzi anasema wewe ndiye uliyekuwa nayo mwisho na hukuirudisha. Nakutaka uitoe. Hiki si kitu ninachokuomba kama mpwa. Hukubaki na mengi ya kumpa mpwa.

Katibu Mwenezi


Nyumbani
4 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa hukusalimu.

Umeniandikia mara tatu kuhusu rasimu, na mara tatu sikujibu. Muuguzi alipokuja kuniuliza nilimwambia imelowa paa lilipovuja. Huo ni uongo, na ndio wa pekee niliousema katika shauri hili. Rasimu ipo. Ilikuwa chini ya karatasi inayotandikwa ndani ya droo ya cherehani ya mama yako, mahali ambapo nilidhani hakuna atakayetazama. Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii na bado nilidhani hivyo.

Aliikuta Jumapili akitafuta uzi. Aliisoma akiwa amesimama, na unajua jinsi anavyoogopa kusimama siku hizi. Kisha akaniita.

“Kaka, hii ndiyo karatasi mnayogombania?”

“Ndiyo.”

“Na benchi langu litarudi ikitoka?”

“Huenda.”

“Sasa umeificha kwa ajili ya nani?”

Akaishika kwenye mwanga wa dirisha akaitazama tena ukurasa wa tatu, akatazama picha yako ya mahafali iliyo ukutani, akaketi. Akalisugua goti. Mwishowe akasema, “Mpelekee mwenyewe. Ana umri wa kupokea vya kwake.”

Basi nakupelekea, kwa rejesta, ndani ya bahasha hii. Wala usinielewe vibaya: kuna sababu yangu pia. Karatasi za baraza hazitakiwi kutoka ofisini, na mimi nilizitoa kwa miaka mingi, kwa sababu macho yamechoka na nyumbani kulikuwa na macho mazuri zaidi, nami nikachapa yaliyosahihishwa bila kuyapima upya. Ikionekana kamatini, itaonekana na hilo. Zaidi ya hapo sitasema. Sijui kusema mambo haya na sina nguvu ya kujifunza sasa.

Soma ukurasa wa tatu, pembeni. Usijibu siku hiyohiyo. Halafu ufanye utakavyoona: uipeleke kamatini, uirudishe, au uichane. Sitakuuliza.

Umesema sina mengi ya kumpa mpwa. Hii ndiyo iliyokuwapo.

Mjomba wako


Bweni la Pili, Chumba 14
13 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shikamoo na ile niliyokunyima Machi, na zile za Aprili.

Niliipokea rasimu Alhamisi. Nimefuata agizo lako: sikujibu siku hiyo, wala iliyofuata. Siku ya kwanza sikuweza, na siku ya pili niliandika kurasa nane za kujitetea kwa ufasaha mkubwa. Nimezichana. Hii ni ya siku ya nne na itakuwa fupi.

Ukurasa wa tatu, azimio la saba, mwandiko wako wa mshazari: “eneo la wazi.” Juu yake mstari mwekundu. Juu ya mstari, “lililo.” Pembeni, kwa mwandiko ninaoujua kuliko uso wangu: “Mjomba, ‘eneo la wazi’ ni Kiswahili cha ofisini. Tuwe na heshima kidogo kwa lugha.” Na chini ya maneno hayo nimepiga kistari kwa kujiamini.

Siikumbuki siku hiyo. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Naikumbuka meza, naukumbuka mzigo uliofungwa nusu, nakumbuka nikikusomea makosa ya diwani wa soko nawe ukicheka mpaka ukavua miwani. Neno lenyewe silikumbuki. Nililikata nikiwa na furaha, nikageuza ukurasa.

Niliandika kwamba aliyebadili neno anaijua sarufi, kwamba ameipima sentensi, kwamba bila shaka alijipongeza. Sikukosea hata moja kati ya hayo. Nilikosea mkono tu. Mzaha wako wa bahasha nao nimeuelewa, miezi miwili baadaye. Kwa kanuni yangu mwenyewe, waraka wangu ulipaswa kuitwa “Barua Iliyo Wazi,” na haikunipitia akilini, kwa kuwa pale nilikuwa naandika kama watu wanavyosema.

Nimeipekua barua yako ya Machi nikitafuta mahali uliponidanganya. Hakuna. Mashine ni yako, vidole ni vyako, hakuna mkubwa aliyekuagiza. Ulijenga kila sentensi kwa uangalifu ili mimi nisiwemo ndani yake. Nami nilikuita mkono ulionunuliwa, nikaubandika kwenye mabati.

Tarehe 21 nitasimama. Nimewaambia wenzangu wa Chama, na baadhi wamenishauri niikunje rasimu vizuri ili pembeni pasionekane. Mmoja alisema, “Bibi Ngeli, mambo ya ukombozi yana mbinu zake.” Nikamwambia mbinu hiyo nimekwisha kuijaribu, huitwa kurekebisha kidogo. Nitaisoma yote, na pembeni pia. Nitawaambia kwamba mkono uliokata neno hili haukununuliwa na mtu. Ulijitolea. Kisha nitasema ni wa nani.

Waraka wa pili nimeuandika. Una sentensi nne na hauna kichwa. Muuguzi ataubandika palepale ulipokuwa wa kwanza.

Najua watakuuliza juu ya karatasi kutoka ofisini. Hilo siwezi kulizuia, na sitajidanganya kwamba naweza. Nisamhe, mjomba.

Mpwa wako


Nyumbani
10 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na zile nyingine zote pia.

Uliondoka kamatini kwenda kuwahi basi bila kuniona. Nilikuwa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, nimevaa meno. Nilisikia vizuri. Ulipofika kwenye maneno ya pembeni sauti yako ilishuka, na mwenyekiti wa kamati akakuomba urudie kwa sauti ili karani wao aandike. Ukarudia. Yule karani ni kijana, anaandika haraka mno na haachi nafasi baada ya nukta, lakini aliandika.

Uamuzi umetoka Ijumaa. Neno limerudi. Muhtasari sasa unasomeka “eneo la wazi,” na kibali cha maduka kimefutwa. Mwenye kibali amesema ataangalia kwingine. Alikuwa na karatasi kamili, wala siwezi kusema alivunja sheria.

Mabati bado yapo. Afisa ardhi ameeleza kwamba kamati imerudisha neno lakini haikutaja nani ayaondoe, kwa hiyo panahitajika azimio jingine, na baraza litaketi Agosti. Mtaro wa msingi uliokwisha kuchimbwa umejaa maji. Bembea moja imeng’olewa na hakuna anayejua iko wapi. Nakwambia haya usije ukarudi likizo ukitazamia kukuta bustani.

Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kutoa karatasi za baraza nje. Ni ya haki. Nimewekwa dirishani moja kwa moja mpaka nitakapostaafu. Sikuhuzunika kama nilivyodhani. Nimeomba kiti chenye mgongo. Waraka wako wa pili haukusomwa na kinyozi kwa sauti. Watu wanausoma mmoja mmoja, kisha wanaondoka. Muuza magazeti aliacha mzaha, halafu akaniuliza mpwa wangu anarudi lini, ana barua ya serikali anataka asomewe pole pole. Nikamwambia akusubiri, ila asikupe kalamu.

Mama yako alikwenda zahanati juzi. Karibu na bomba, mabati mawili yamekatwa kwa chini na kukunjwa pembeni, upana wa kumtosha mtu apite kiubavu. Alikaa kwenye benchi lake mpaka alipoitwa, na presha ilikuwa imeshuka. Sijauliza nani aliyekata. Mkasi wangu wa bati haupo mahali pake tangu Jumamosi, na mama yako anashona huku akiimba.

Blauzi nyingine inakuja. Nimempa vipimo vyako vya sasa kwa kukisia nilivyokuona ukiwa umesimama.

Katika barua yako ya mwisho kuna kosa moja, karibu na mwisho. Neno “nisamehe” umeliandika pungufu ya herufi. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nimeliacha lilivyo. Limesomeka.

Mjomba wako